Tusi Lenye Mwenyewe

Kwetu, mgombea akipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, kabla hajasema neno kuhusu barabara au maji, kuna sentensi inayomsubiri: "Huyu anaishi Dar." Waendesha bodaboda wameshaisema kijiweni, wauza mitumba wameshaisema mnadani, na mpinzani wake ataisema kwenye spika jioni ileile. Basi mgombea huanza kujieleza. Atataja kijiji alichozaliwa, shule aliyosoma pekupeku, mahali alipozikwa babu yake, na zizi walimo ng'ombe wake. Mugumu nimewahi kumsikia mgombea udiwani akitumia karibu nusu ya muda wake kutaja majina ya majirani wa utotoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka bibi mmoja aliyekuwa mstari wa mbele akaitikia kwamba ndiyo, huyu mtoto anamjua. Watu wakapiga makofi. Sera zilikuwa bado hazijaguswa.

Nimekulia Serengeti na kusoma sekondari Tarime, kwa hiyo nimesimama kwenye mikutano ya pande zote mbili za Mto Mara. Vitabu vya hadithi nilivyosoma utotoni vinahesabika. Hotuba za kampeni nilizosikia hazihesabiki. Naamini wengi wa umri wangu huku ni hivyohivyo: lugha ya hadharani tuliyolelewa nayo, yenye vichekesho, mafumbo na mwiba, tuliipata kwenye mkutano wa hadhara. Ajabu ni kwamba tunapofanya uhakiki tunahakiki riwaya, ushairi na filamu, na hotuba hizi tunawaachia waandishi wa habari, ambao kesho yake wanaripoti tu kwamba "wagombea watupiana vijembe." Mimi nataka kukihakiki kijembe chenyewe.

Tuanze na muundo wake. Ukisikiliza kwa miaka kadhaa utagundua kwamba mashambulizi ya jukwaani huku ni machache kuliko yanavyosikika. Yapo matatu, mengine yote ni marudio yake. La kwanza ni hilo la "si wa hapa." Linaweza kumaanisha Dar es Salaam, linaweza kumaanisha koo nyingine, na kwa Tarime, ambako Wakurya wana koo nyingi na baadhi zimewahi kupigana kwa silaha, maana hiyo ya pili ni moto. La pili ni "hajakomaa": hana mji, hajaoa, au, kwa mnong'ono, hajapitia tohara. Mwanamke anayegombea hupewa toleo lake la shambulizi hilo. Huulizwa ameolewa wapi, na jibu lolote atakalotoa ni kosa, kwa sababu akiolewa mbali si wa hapa tena, na akiwa hajaolewa hajakomaa. La tatu ni "amenunuliwa": na mgodi, na mwekezaji wa utalii, na chama kingine, au na tajiri asiyetajwa.

Ni rahisi kudhani kwamba haya ni mambo yetu, ushamba wa pembezoni ambao utaisha elimu ikienea. Nchi moja inatusaidia kuondoa dhana hiyo, na ni nchi ambayo Nyamongo wanaijua bila kuwahi kufika: mgodi wa dhahabu wa North Mara uko chini ya Barrick, kampuni yenye makao makuu Toronto, Kanada. Kanada ina sifa ya upole duniani. Lakini mwaka 2009 chama cha Conservative, kilichokuwa madarakani chini ya Stephen Harper, kilirusha matangazo ya televisheni dhidi ya kiongozi wa chama cha Liberal, Michael Ignatieff, msomi aliyeishi nje ya nchi kwa zaidi ya miaka 30, Uingereza na Marekani. Kaulimbiu ya matangazo hayo, kwa Kiswahili, ilikuwa "amekuja kutembea tu." Hakuna mtu wa Tarime anayehitaji kufafanuliwa hapo. Huyu anaishi Dar.

Matangazo hayo yalikuja wakati ambapo hakukuwa na uchaguzi. Sheria ya Kanada ya wakati ule iliweka kikomo cha matumizi ya vyama katika kipindi cha kampeni. Nje ya kipindi hicho mwenye fedha alisema atakavyo. Conservative walikuwa nazo, Liberal hawakuwa nazo za kutosha kujibu. Kwa miaka miwili mwananchi alisikia upande mmoja ukimweleza Ignatieff ni nani kabla Ignatieff hajajieleza. Uchaguzi ulipofika Mei 2011, chama chake kilipata viti 34 tu, na yeye mwenyewe akapoteza kiti chake.

Lakini shambulizi kali halishindi kila mara hata hukohuko. Mwaka 1993 chama cha mrengo wa kulia cha wakati ule, Progressive Conservative, kilitoa tangazo lililoonyesha picha za karibu za uso wa Jean Chrétien, ambaye upande mmoja wa uso wake ulipooza tangu utotoni, huku sauti ikihoji kama huyo anafaa kuwa waziri mkuu. Chrétien alijibu haraka, kwa utulivu, kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyomuumba. Watu wakakasirika, tangazo likaondolewa karibu papo hapo, na chama kilichokuwa kinatawala kikabaki na viti viwili. Kilikuwa na sababu nyingine nyingi za kuanguka, lakini tangazo lile lilifunga mjadala. Mwaka 2015 Conservative walimwandama Justin Trudeau kwa matangazo ya kwamba "bado hajawa tayari," yaani hajakomaa, shambulizi letu la pili. Trudeau alitoa tangazo lake mwenyewe, akayachukua maneno yaleyale na kuyageuza, na akashinda viti 184.

Ukiyaweka matatu hayo pamoja, ukali wa maneno hauelezi matokeo. La uso lilikuwa katili kuliko yote na lilishindwa. La "kutembea tu" lilikuwa na mzaha kidogo na liliua. Kinachoyatofautisha ni jibu: lilikuwepo au halikuwepo, lilifika au halikufika kwa watu walewale waliosikia shambulizi. Hapo ndipo ninapotaka kusimama katika makala haya. Tumezoea kupima kampeni za kuchafuana kwa kiasi cha uchafu, kama mtu anayepima maji kwa rangi. Kipimo hicho hakitoshi. Shambulizi lipimwe kwa mambo mawili: lina mwenyewe? Na anayeshambuliwa anaweza kulijibu mbele ya masikio yaleyale?

Wakurya hawakuhitaji Kanada kulijua hili. Iritongo, mkutano wa wazi wa jamii, ulikuwa mahali pa kutajana. Mtu alituhumiwa kuiba ng'ombe mbele ya watu wote, aliyetuhumu akijulikana, aliyetuhumiwa akisikia. Sitaki kuupamba. Ulikuwa mkutano wa wanaume. Mama zetu walisubiri habari nyumbani. Na sungusungu waliorithi kazi zake wamewahi kuumiza watu bila ushahidi. Hata hivyo, kama umbo la mazungumzo, ulikuwa na kanuni ambayo matangazo ya kisasa yameipoteza: neno lina mdomo uliolitoa, na mdomo huo una sura. Jukwaa la kampeni la Tarime, katika ubora wake, ni mtoto wa mkutano ule. Mgombea akimwita mwenzake msaliti Jumatatu sokoni Sirari, Jumatano mwenzake atapanda palepale, mbele ya wauzaji walewale, na kumwuliza alikuwa wapi siku fulani. Watu hufuata mikutano yote miwili kama wanaofuata mechi ya marudiano. Wageni huona ugomvi. Mimi naona uhakiki unaofanywa na umma, kwa sauti.

Tarime hiyohiyo imetupa pia mfano mbaya kuliko yote ninaoujua. Usiku wa Julai 28, 2008, mbunge wa Tarime kupitia CHADEMA, Chacha Wangwe, alifariki kwa ajali ya gari mkoani Dodoma. Alikuwa makamu mwenyekiti wa chama chake, na wiki chache kabla alikuwa amesimamishwa katika mgogoro wa ndani. Huzuni ilikuwa kubwa, na maswali yalikuwa mengi mpaka mazishi yakaahirishwa kwanza. Ndugu wa marehemu walikuwa na haki ya kuuliza. Tatizo ni kilichofuata, kwa sababu kiti kilikuwa wazi na uchaguzi mdogo ulipangwa Oktoba. Swali la wafiwa likageuka kuwa silaha ya kampeni.

Msomaji uliyekuwa mdogo wakati ule jaribu kuwaza simu za tochi, ujumbe mfupi, na habari inayopanda kwenye gari la abiria ikiwa na mtu mmoja na kushuka ikiwa na 14. Hakuna aliyesema "mimi nasema." Kila mtu alisema "wanasema." Uvumi ulivyo, kila anayejaribu kuujibu anauongezea safari. Mchungaji Christopher Mtikila wa chama cha DP alipoubeba na kuupandisha jukwaani, akiwahusisha wakubwa wa chama cha marehemu na kifo hicho, alipigwa mawe na kujeruhiwa. Tukio hilo hunishughulisha kama mhakiki kuliko hotuba yenyewe. Mtikila alikosea kutuhumu mauaji bila ushahidi, lakini ndiye pekee aliyeupa uvumi ule sura na jina, na kwa hiyo ndiye pekee aliyeweza kujibiwa. Akajibiwa kwa jiwe. Jiwe nalo halina mwenyewe: hutoka katikati ya watu. Baadaye mahakama mjini Dodoma ilimtia hatiani aliyekuwa akiendesha gari lile, kwa uendeshaji uliosababisha kifo. Hukumu ilikuja kampeni zikiwa zimekwisha zamani na Charles Mwera wa CHADEMA akiwa ameshaapishwa. Ukweli ulifika mkutano ukiwa umefungwa. Na hadi leo, ukikaa na wazee Tarime, utasikia bado "wanasema."

Linganisha na shambulizi lingine la miaka ileile. Septemba 15, 2007, katika uwanja wa Mwembe Yanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi. Ukiisoma kama fasihi ya jukwaa, nguvu yake haiko kwenye neno "fisadi" hata kidogo. Neno hilo lilikuwepo tangu zamani. Nguvu iko kwenye umbo: mahali panajulikana, tarehe inajulikana, msemaji anajulikana, majina yanatajwa, na kila jina linafuatwa na tuhuma inayoweza kukanushwa. Baadhi ya waliotajwa walitishia kwenda mahakamani, na hilo lilikuwa sehemu ya ubora wake: lilikuwa neno ambalo mtu angeweza kulipelekea wakili. Ndani ya miezi michache gavana wa Benki Kuu aliyekuwamo katika orodha, Daudi Ballali, alikuwa ameondolewa kwa sakata la EPA. Wengine hawakuwahi kupatikana na hatia yoyote, na hilo pia lazima lisemwe.

Edward Lowassa alikuwa kwenye orodha ile. Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu kwa suala la Richmond, huku akikana kosa. Julai 2015 akahamia CHADEMA na kuwa mgombea wake wa urais. Kwa siku chache chama kizima kilipaswa kufanya jambo ambalo hakuna mwandishi hulifanya kwa urahisi, yaani kuishi na maandiko yake ya zamani. Slaa alikataa, akajiondoa. Waliobaki waliacha kuitaja orodha na kushika neno moja, "mabadiliko," wakaliunganisha na jina la mgombea mbele na nyuma. CCM nayo ilikuwa na shida yake: ingemshambuliaje kwa nguvu zote mtu iliyempa uwaziri mkuu? Ikahamia kwenye afya. Magufuli akapiga pushapu jukwaani, na hakuna aliyehitaji kuambiwa pushapu zile zilikuwa zinamsema nani. Lilikuwa shambulizi la uso wa Chrétien, ila limefanywa kwa mikono badala ya picha, na kwa ujanja zaidi, kwa sababu huwezi kuijibu pushapu isipokuwa kwa pushapu.

Mwaka huo Tarime Mjini ilimchagua Esther Matiko, Tarime Vijijini ikamchagua John Heche, na Serengeti ikamchagua Marwa Ryoba Chacha, wote wa CHADEMA. Kuanzia hapo historia ya kampeni zetu inakuwa historia ya kuhama. Mwaka 2018 Ryoba alijiuzulu, akajiunga na CCM na kurudi bungeni bila kupingwa. Mwita Waitara, mzaliwa wa Tarime aliyekuwa mbunge wa Ukonga kupitia CHADEMA, alihamia CCM mwaka huohuo na mwaka 2020 akaja kugombea Tarime Vijijini dhidi ya Heche, aliyekuwa mwenzake wa chama kimoja. Alitangazwa mshindi, katika uchaguzi ambao CHADEMA iliukataa.

Kuhama huku kumeliharibu shambulizi la tatu, lile la "amenunuliwa." Zamani lilikuwa na uzito wa tuhuma. Sasa limekuwa salamu. Aliyehama anasema waliobaki wamenunuliwa na mabeberu. Waliobaki wanasema aliyehama amenunuliwa na serikali. Na kwa kuwa jana wote walikula sahani moja, kila mmoja ana siri za mwenzake na kila mmoja anajua mwenzake anazo. Ndiyo maana vijembe vya waliowahi kuwa ndugu ni vikali kwa sauti na vitupu ndani. Huwezi kumtaja mwizi wa ng'ombe kama mlikwenda naye. Kwa masikio ya mkutano ni burudani, na nakiri tumecheka. Lakini kicheko kile kilimgharimu mama wa Nyamongo aliyetaka kujua kuhusu maji ya Mto Tighithe, na mkulima wa vijiji vya mpakani mwa hifadhi aliyetaka kujua kifuta jasho chake kitalipwa lini baada ya tembo kumaliza mtama.

Wakati sisi tukibishana kwa spika, ng'ambo ya geti la Sirari mambo yalikuwa yamekwenda mbali zaidi. Sirari na Isebania ni mji mmoja uliokatwa na mpaka; Wakurya wako pande zote, na laini za simu za pande zote ziko mfuko mmoja. Mwaka 2017 Wakenya walipokuwa wakijiandaa kupiga kura, ilizunguka video ya sekunde 90 hivi, ikionyesha Kenya ya mwaka 2020 chini ya Raila Odinga: nchi ya uhaba, vurugu na hofu, imechorwa kama filamu ya maangamizi. Kulikuwa na tovuti iliyojiita ya kumwonyesha Raila halisi. Aliyetafuta jina lake kwenye Google angeweza kukutana na matangazo yake kwanza. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza kwamba kazi ile ilikuwa na alama za Harris Media, kampuni ya matangazo ya kisiasa ya Texas, Marekani, na kwamba ilifanyika kwa manufaa ya kampeni ya Uhuru Kenyatta. Desemba. Watu walipiga kura Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo Septemba 1, wakapiga tena Oktoba.

Kama kazi ya sanaa video ile ni dhaifu. Mwandishi wake hajui Kenya. Hofu aliyoichora ingeweza kubandikwa jina la nchi yoyote. Mpinzani wa Tarime anayesema "huyu anaishi Dar" angalau anajua Dar iko wapi na huyu ni mtoto wa nani. Lakini udhaifu huo haukuizuia kufanya kazi yake, kwa sababu haikuhitaji kuaminiwa yote. Ilihitaji kuonwa na mtu akiwa peke yake, usiku, kwenye simu, pasipo jirani wa kuguna. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya jukwaa na simu. Kwenye mkutano, uongo hukutana na mguno. Mtu wa nyuma husema "aah, mura, hapo umetudanganya," na watu wanacheka, na msemaji lazima apite mahali pengine. Simu haina mtu wa nyuma.

Kuna jambo lingine ambalo mhakiki lazima alitafute, nalo ni shambulizi ambalo halifanywi. Katika mikutano yote niliyosimama, Tarime na Serengeti, sijawahi kumsikia mgombea akimshambulia mwenzake kwa kunyamazia ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ilishafanya kosa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Kila mwenyeji anajua kwamba msimu ukifika, hasa Desemba, wako wasichana wanaotoroka usiku kwenda kutafuta hifadhi, na Mugumu kuna nyumba inayowapokea. Ni suala la uhai, liko wazi, lina sheria, na serikali za mitaa zinahusika. Kwa kipimo chochote ndilo lingekuwa shambulizi bora kuliko yote: "Ulikuwa diwani miaka mitano, ulifanya nini?" Halisemwi, kwa sababu pande zote mbili zinahesabu kura zilezile za wazee walewale. Kwa hiyo tukisema kampeni zetu zina matusi mengi mno, mimi huongeza: na zina woga mwingi kuliko matusi. Wagombea wanaoweza kutukanana hadi kwenye tohara za wanaume hawathubutu kuulizana juu ya mabinti.

Dawa tunayopewa na wakubwa ni adabu. Kabla ya uchaguzi vyama hutakiwa kutia saini Maadili ya Uchaguzi, ambayo pamoja na mengine yanakataza matusi, kashfa na kejeli. Kwenye karatasi nani atapinga? Lakini tazama kinachotokea adabu ikikabidhiwa kwa mwamuzi. Oktoba 2020 kamati ya maadili ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimsimamisha mgombea urais wa CHADEMA, Tundu Lissu, asifanye kampeni kwa siku saba kwa sababu ya kauli zake. Siku saba, katika kampeni ya miezi miwili. Kama kauli zile zilikuwa za uongo, jibu lake lilikuwa kuzikanusha kwa ushahidi, mbele ya walewale waliozisikia. Kumnyamazisha msemaji hakuusahihishi uongo. Kunaurudisha kwenye ujumbe mfupi na vijiwe, kule ambako neno halina mwenyewe.

Aprili 12, 2025 karatasi hiyohiyo ilifanya kazi kubwa zaidi. CHADEMA, iliyokuwa ikidai mabadiliko ya mfumo kwanza, haikutia saini, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikasema chama hicho hakitashiriki. Lissu alikuwa ameshashtakiwa kwa uhaini. Unaweza kukilaumu chama kwa uamuzi wake, na wako wanaokilaumu hata Tarime, nyumbani kwa makamu mwenyekiti wake, Heche. Mimi nazungumzia kilichobaki jukwaani. Nilikwenda mkutano mmoja wa kampeni wilayani Serengeti mwaka huo. Spika zilikuwa mpya, muziki ulikuwa mzuri, fulana na kofia ziligawiwa za kutosha. Mzungumzaji alifika kwenye ile sehemu ya hotuba ambayo kwa mazoea ni ya kumsema mpinzani. Akasema "wale," akanyoosha mkono kuelekea barabarani, akasema tena "wale wenzetu," na hapakuwa na mtu wa kumaliziwa sentensi. Watu walitazama barabara. Hotuba ikapoa mbele ya macho yetu, na MC akarudisha muziki. Sijawahi kusikia mkutano safi kama ule. Haukuwa na tusi hata moja, na hakuna aliyetoka pale akiwa anajua jambo jipya kuhusu mtu aliyekuwa akiombewa kura. Oktoba 29 na siku zilizofuata, nchi ilionja kinachokuja pale ambapo watu hawana tena mahali pa kujibizana kwa maneno.

Kwa hiyo siko upande wa wanaoomba kampeni za kistaarabu, ikiwa ustaarabu ni ukimya wenye muziki. Naomba mashambulizi bora. Tuwafundishe wanafunzi wa sekondari kuyasoma kama tunavyowafundisha kusoma shairi: nani anasema, anamwambia nani, anataja jambo gani linaloweza kuthibitishwa, na aliyetajwa atajibu wapi? "Huyu anaishi Dar" ina majibu, hata kama ni shambulizi duni. Mtu anaweza kuonyesha nyumba yake. "Ulikuwa diwani miaka mitano na msichana wa jirani yako alitoroka usiku" nayo ina majibu, ila ni magumu, na ndiyo maana inafaa kuulizwa. "Wanasema" haina majibu. Video isiyo na jina haina majibu. Na jukwaa lenye mtu mmoja halina hata swali.